Adui wa ubao wa samoni ni maji

Mara ya kwanza nilipopanga ubao wa begeli, ile mikate ya duara yenye tundu katikati, na samoni wa moshi, niliupanga kwa ajili ya macho. Nilikuwa nimetazama picha nyingi mno: samaki amekunjwa kama waridi, vipande vya tango vimelaliana kama magamba, kepa, vile vichipukizi vya maua vya kuhifadhiwa, zimetawanywa huku na kule kana kwamba zimedondoka zenyewe. Nikaamka alfajiri, nikahangaika saa mbili nzima. Wageni walipoingia wakasema "Lo!", wakatoa simu, wakapiga picha, kisha wakabaki wamesimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuruga. Hatimaye mmoja akajipa moyo, akachukua begeli niliyokuwa nimeiegemeza kwenye nyanya. Upande wa chini ulikuwa umelowa chepechepe. Akaigeuza, akaitazama, akairudisha taratibu, akajifanya anatafuta kahawa.

Tangu siku hiyo nimeurudia ubao huu mara nyingi, kwa sababu kwenye kundi letu la branchi, yaani mlo wa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, kila mtu huja na chake, na mimi jina langu limeshaandikwa kwenye samaki. Nimejifunza kwamba nilikosea tangu nilipoifikiria kazi yenyewe. Nilidhani ninapamba, kumbe nilipaswa kukausha. Hebu tazama vilivyomo: samaki aliyelala kwenye mafuta na unyevu wake ndani ya pakiti, kepa zilizotoka kwenye siki, vitunguu vilivyoloweshwa, nyanya, matango, malimau. Vyote hivyo vina maji au vinatoa maji vikikaa. Kikavu ni begeli peke yake, na ndiyo inayotakiwa kuvibeba vyote mpaka mdomoni.

Jambo la kuchekesha ni kwamba begeli yenyewe ni mkate uliopita majini. Inatajwa katika kanuni za jumuiya ya Wayahudi wa Kraków, Poland, za mwaka 1610, pale zinapozungumzia zawadi za uzazi, na kinachoitofautisha na mkate mwingine wa duara hadi leo ni kule kuchemshwa kabla ya kuokwa. Kinyunga kikishaumuka kinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja kila upande. Wanga wa juu unavimba na kugeuka kama gundi, na ile gundi ikiingia kwenye joto la oveni inakauka kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Ngozi hiyo inaizuia begeli isifure tena sana, ndiyo maana ndani inakuwa nzito, ya kutafunwa hasa. Waokaji wa New York hutia kimea kwenye maji yao. Wale wa Montreal hutia asali, kisha huoka kwenye tanuri la kuni, na begeli zao ni nyembamba zaidi na tamu kidogo.

Nasema haya kwa sababu si kila kinachouzwa kwa jina la begeli kimechemshwa. Nyingi siku hizi hupulizwa mvuke tu ndani ya oveni. Hadi miaka ya 1960 begeli za New York zilisokotwa kwa mikono na waokaji wenye chama chao, Local 338, na kuingia kwenye chama hicho ilikuwa karibu sawa na kurithi mali: baba alimwachia mwana. Kisha ikaja mashine ya Daniel Thompson, na kazi ya wanaume kadhaa ikafanywa na chuma. Sina ugomvi na mashine. Lakini begeli laini kama sponji itanyonya maji kama sponji, kwa hiyo ukiwa dukani ibonyeze kidogo. Ikikubali kidole chako bila kubisha, iache. Iliyochemshwa inakataa kwanza, na ngozi yake mara nyingi ina vilengelenge vidogo.

Nunua za siku hiyohiyo ukiweza. Mimi huchukua zisizo na kitu, za ufuta, na chache zenye mchanganyiko wa mbegu, kitunguu na chumvi. Zenye mdalasini na zabibu sizigusi kwa shughuli hii. Kuna watu wanazipenda na samaki, nami nimeshaacha kubishana nao. Hesabu yangu ni begeli moja na nusu kwa kila mtu mzima, na nazikata nusu, kisha kila nusu naikata mara mbili, kwa sababu kwenye meza ya watu wengi mtu anataka kuonja mbili tatu bila kujifunga na begeli nzima. Kukata nako kuna adabu yake. Ilaze begeli chali kwenye meza, weka kiganja bapa juu yake, vidole vimenyooka, kisha ingiza kisu cha meno kwa ubavu. Usiishike wima mkononi. Nina kovu kwenye kidole gumba, na kovu hilo lina historia fupi tu.

Kuzichoma au kutozichoma? Za leo, hapana. Za jana, ndiyo, upande uliokatwa tu, halafu ziachwe zipoe kabisa. Jibini ikikutana na begeli ya moto inayeyuka na kupenya ndani, na samoni akipata joto anaanza kutoa mafuta na kunuka usamaki. Hapo ndipo watu husema hawapendi samoni.

Sasa jibini. Watu wengi huiona kama ladha tu, lakini kazi yake ya kwanza kwenye ubao huu ni ya koti la mvua. Mafuta hayapitishi maji kirahisi, kwa hiyo ukiipaka mpaka ukingoni, unyevu wa nyanya hauufikii mkate. Hilo ndilo nililokuwa silijui siku ile ya waridi. Jibini ya krimu ya Kimarekani, kwa mujibu wa kanuni za huko, lazima iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 33 na unyevu usiozidi asilimia 55. Maana yake hata hilo koti la mvua lenyewe linaweza kuwa zaidi ya nusu maji! Ndiyo maana sithubutu kuikamulia limau. Ladha ya limau ninayoitaka naipata kwa kukwangua ganda la nje, lile la njano tu, naichanganya na pilipili manga na shibiti iliyokatwakatwa. Shibiti ni yale majani membamba kama nywele, yenye harufu inayokaribia shamari. Usipoipata, majani mabichi ya kitunguu yanatosha.

Jibini hii, kwa wanaopenda asili ya vitu, huhusishwa na William Lawrence, mtengenezaji wa bidhaa za maziwa wa Chester katika jimbo la New York, mwaka 1872. Jina la Philadelphia lilibandikwa mwaka 1880 kwa sababu mji huo ulisifika kwa bidhaa bora za maziwa, ingawa jibini yenyewe haikuwa ikitengenezwa huko. Kwangu mimi lililo la maana zaidi ni kuitoa kwenye friji nusu saa kabla. Ikiwa baridi, inachuna mkate badala ya kupakika, na mgeni anabaki na matundu.

Kuhusu samaki, jina moja linafunika vitu vinne, na ni vizuri kujua unachokinunua. Kuna lox, kutoka laks, neno la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, yaani samoni tu. Huyo hulowekwa kwenye maji ya chumvi na hajawahi kukutana na moshi. Kuna gravlax wa watu wa Skandinavia, anayefunikwa chumvi, sukari na shibiti. Kuna aliyepitishwa kwenye moshi wa baridi, chini ya nyuzi 30 za Selsiasi: anabaki laini, unakaribia kuona mwanga kupitia kipande chake, naye ndiye anayestahili ubao huu. Na kuna wa moshi wa moto, zaidi ya nyuzi 60, aliyeiva na kumeguka vipandevipande. Huyu wa mwisho ni mtamu, ila kwenye begeli anaporomoka kabla hujafunga mdomo.

Nimewahi kuulizwa nani alifikiria kumweka samaki juu ya jibini. Jibu linapatikana kwenye sheria za chakula za Kiyahudi. Nyama na maziwa havichanganywi, lakini samaki hahesabiwi kuwa nyama. Ndiyo maana kwa wahamiaji wa Kiyahudi wa New York kulikuwa na maduka ya nyama, na maduka mengine kando yaliyouza samaki pamoja na jibini. Reli ilipounganisha pande mbili za Marekani mwaka 1869, samoni wa Pasifiki aliyejazwa chumvi kwenye mapipa aliweza kufika mashariki bila kuoza, na wakati huo hakuwa chakula cha kujivunia. Chumvi yake ilikuwa kali kiasi kwamba alihitaji kitu kizito, baridi na kisicho na chumvi nyingi cha kumtuliza. Jibini ya krimu ilikuwa hapo hapo, rafu ya jirani.

Dukani, usidanganywe na rangi. Wekundu wa samoni hutokana na rangi ya asili iitwayo astaxanthini, anayoipata mwituni kwa kula viumbe jamii ya kamba. Anayefugwa huwekewa kwenye lishe yake. Samoni wa Atlantiki, ambaye siku hizi karibu wote ni wa kufugwa, Norwei ikiongoza, ana mafuta mengi na ni laini. Samoni wa Alaska aitwaye sockeye ni mwekundu kweli, mkavu zaidi, ladha yake kali. Mimi huwachukua wote wawili kama mfuko unaruhusu, na nikilazimika kuchagua namchukua mwenye mafuta. Soma nyuma ya pakiti: samaki, chumvi, pengine sukari, moshi. Ukikuta "ladha ya moshi", ujue huyo ni samaki aliyepakwa harufu ya moshi bila kupitishwa kwenye moshi.

Gramu 75 kwa kila mtu zinatosha. Kwa watu wanane ni gramu 600, na sitoi zote kwa mpigo. Vipande navitenganisha vikiwa bado vya baridi, maana vikipata joto vinashikana na kuraruka. Navilaza kwenye karatasi ya jikoni, nabonyeza karatasi nyingine juu, nasubiri dakika moja. Utashangaa kinachobaki kwenye karatasi. Ukiona ukanda wa rangi ya kahawia iliyopauka upande uliokuwa na ngozi, ukate. Ndiko ladha kali ya usamaki inakojificha.

Na tafadhali, waridi basi. Nayasema haya kama mtu aliyekunja mawaridi kumi na manne kwa mikono yake. Waridi la samoni halichukuliki: ukiligusa kwa uma linakuja lote, vipande vitatu, na wewe ulitaka kimoja, na watu wote wanakutazama. Vilaze kama kitambaa kilichoangushwa, kila kipande kikiwa na pindo lake moja lililo huru, lisiloshikana na jirani. Weka uma wake hapo hapo. Ubao utaonekana wa kawaida kidogo kwenye picha, lakini utaliwa.

Halafu ile kazi ya kukausha niliyoisema. Kepa ni vichipukizi vya maua ya mmea uitwao Capparis spinosa, vilivyochumwa kabla havijafunguka na kuhifadhiwa kwa chumvi au siki. Vidogo ndivyo vinavyothaminiwa zaidi. Za chumvi ziloweke na kuzisuuza, za siki zichuje, halafu zote zimwage kwenye karatasi na kuzizungusha kwa kiganja mpaka ziache kuacha alama. Kepa yenye maji inateleza kutoka kwenye begeli na kuishia kwenye nguo ya mtu. Vitunguu vyekundu navikata vyembamba kiasi cha kuona kisu kupitia kwake, navitia kwenye maji baridi dakika kumi ili vipungue ukali, halafu natumia muda uleule kuvikausha. Hatua hii huwa naifanya huku nikinung'unika: natia maji ili nipate kuyatoa. Lakini kitunguu kisicholoweshwa kinakaa kinywani mpaka jioni, na hakuna mazungumzo mazuri kati ya watu wawili waliokula kitunguu kibichi kwa wingi.

Nyanya na matango vyote nakata, nanyunyizia chumvi kidogo, naviacha dakika kumi juu ya karatasi. Chumvi inayavuta maji yatoke nje. Navipangusa. Bado sivilazi kwenye ubao moja kwa moja. Kila kimoja kina bakuli lake, kwa sababu nyanya haiaminiki hata baada ya kupanguswa. Limau ni vipande vya kukamua, mbegu zimetolewa. Mayai ya kuchemsha, kama yapo, hukatwa mwishoni kabisa.

Uamuzi ulionigharimu ugomvi mdogo na marafiki ni huu: begeli haziwekwi kwenye ubao. Zinakaa kwenye kikapu pembeni, juu ya kitambaa. Wanaosema ubao wa begeli bila begeli si ubao wa begeli wana haki yao, nami nina begeli kavu. Zenye ufuta zina kikapu chake cha pili, tangu siku ambayo mgeni mmoja aliniambia kwa upole kwamba ufuta unamziba koo. Nilitazama meza yangu siku hiyo nikaona punje zimetapakaa hadi kwenye jibini. Hakuwa na cha kula isipokuwa matunda. Sasa nauliza mapema.

Ndivyo nilivyojua pia kuhusu wifi yangu. Nilimpigia kumwuliza kama kuna kitu asichokula.

"Wifi, samaki huyo mimi sitamgusa," akasema. "Nimekatazwa kliniki mpaka nijifungue."

"Si amepita kwenye moshi?"

"Moshi wa baridi, wifi. Hajaiva huyo."

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Kuna bakteria aitwaye listeria ambaye baridi ya friji haimzuii kuzaliana, na joto la moshi wa baridi halitoshi kumwua. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hapati cha kufanya, lakini kwa mjamzito anaweza kumfikia mtoto tumboni. Samaki akipikwa mpaka akafuka mvuke, tatizo linakwisha. Basi nilichukua gramu zake 75 nikazikatakata, nikazipika vizuri kwenye sufuria mpaka zikaiva kabisa, kisha nikazivurugia mayai humo humo. Sahani ile ilipofika mezani kila mtu aliitaka. Wifi akaishika kwa mikono miwili.

Kwa sababu hiyo hiyo nina saa ya ukutani machoni tangu samaki anapotoka. Saa mbili nje ya friji ndiyo mwisho. Siku ya joto linalopita nyuzi 32, saa moja. Natoa nusu kwanza, nusu nyingine inabaki kwenye baridi, na ubao ukipungua naujaza. Watu wanaochelewa kufika kwenye branchi, na daima wapo, wanakuta samaki mzima badala ya makombo. Neno lenyewe lilichapishwa Uingereza mwaka 1895, na nadhani tangu mwaka huo hakuna aliyefika kwa wakati.

Matunda, juisi, kahawa: waachie wengine walete, na viwekwe meza nyingine. Mara ya mwisho mtu alikuja na tikiti maji lililokatwa na akataka kulisogeza karibu na samaki "lipendezeshe." Nililipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikalipeleka mbali.

Kilichobaki ni ule woga wa kuvuruga, na dawa yake niliipata kwa bahati. Siku moja nilikuwa na njaa, nikashindwa kusubiri. Wageni walipokuwa wanavua viatu nikachukua robo ya begeli, nikapaka jibini mpaka ukingoni, kipande cha samoni, kitunguu, kepa tano, limau, nikala nimesimama palepale. Walipoingia wakakuta ubao tayari una pengo na kisu tayari kimechafuka. Hakuna aliyetoa simu. Walipanga foleni wenyewe, na wakafuata mpangilio uleule walioniona nao: mkate, jibini, samaki, halafu vidogo vidogo. Tangu hapo huwa naufungua mwenyewe kwa makusudi, nimejaza mdomo, nikiwaonyesha kikapu kwa kichwa.

Juzi kulibaki robo nne za begeli na kijiko cha jibini. Samaki aliyebaki mezani alikuwa ameshapita saa mbili, nikamtupa bila huruma. Begeli nilizikata nyembamba nikazirudisha kwenye oveni ya moto mdogo mpaka zikalia zikivunjwa. Nilipoinua bakuli la nyanya, chini yake palikuwa na duara la maji. Kwingine kote mbao ilikuwa kavu. Nikausugua ubao kwa chumvi na nusu ya limau iliyobaki ili kuondoa harufu ya samaki, nikausuuza, nikausimamisha pembeni ya sinki.